Miguu ya Mtu na Daftari la Ada: Tahakiki ya Michezo katika Vyuo Vikuu vya Kanisa

Msomaji wa jarida la theolojia hatazamii kukuta humu habari za mpira wa miguu, na huenda wengine watauliza mhariri amepatwa na nini. Naomba nivumiliwe. Vyuo vikuu vya Kanisa vimeongezeka sana katika nchi zetu kwa muda wa miaka thelathini iliyopita, na aghalabu kila kimoja kina kiwanja, jezi, na mtumishi aliyekabidhiwa michezo pamoja na kazi nyingine tatu. Tumeandika mengi juu ya mitaala, juu ya ibada za asubuhi, na juu ya uhusiano wa chuo na dayosisi. Juu ya kiwanja tumekaa kimya, kana kwamba Injili haina neno pale. Mimi naona kwamba pale ndipo fundisho letu kuu linapojaribiwa, tena kwa namna isiyoweza kufichwa kwa maneno ya kitaalamu.

Nianze na Zombo. Ni kata ya wakulima wilayani Kilosa, ambako Walutheri ni wachache kati ya Waislamu na Wakatoliki, na ambako kiwanja cha mpira huwakusanya vijana wa dini zote wakati wa jioni kuliko nyumba yoyote ya ibada. Mkoa wa Morogoro umewahi kuonja utamu wa mchezo huo. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999, ikautwaa tena mwaka 2000, ikiziacha Simba na Yanga nyuma yake. Watoto waliokua baada ya hapo walijua kwamba ubingwa waweza kutoka katikati ya mashamba ya miwa.

Kijana ninayetaka kumsema alikulia katika hewa hiyo. Alimaliza kidato cha sita kwa alama za kawaida. Chuo kimoja cha Kanisa, ambacho sitakitaja, kilimwona akicheza, kikamwahidi kwamba akijiunga nacho atapunguziwa nusu ya ada. Baba yake aliuza ufuta wa msimu mzima ili kulipa nusu iliyobaki. Katika mwaka wa pili kijana aliumia goti mazoezini. Muhula uliofuata jina lake lilibandikwa kwenye orodha ya wadaiwa, akidaiwa ada kamili. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyemwandikia barua ya ukali. Daftari la ada lilirekebishwa tu. Akakosa kibali cha kuingia katika mitihani, akarudi nyumbani. Nilipomtembelea pamoja na mwinjilisti wa mtaa alitupokea kwa adabu, "Shikamoo Baba Mchungaji," akatutolea viti, wala hakulalamika. Tulipokuwa tukiaga aliuliza jambo moja: je, ule msaada ulikuwa wake, au ulikuwa wa goti lake?

Nimelitafakari swali hilo tangu siku ile, na sikulipata katika vitabu vyangu vya dogmatiki likiwa limeulizwa vizuri kuliko hivyo. Katika kifungu cha nne cha Maungamo ya Augsburg twakiri kwamba mwanadamu hahesabiwi haki kwa nguvu zake, wala kwa stahili yake, wala kwa matendo yake. Katika hoja ya mwisho ya kitheolojia ya mjadala wa Heidelberg, mwaka 1518, Luther alitofautisha upendo wa mwanadamu, ambao huvutwa na uzuri uliokwisha kuwapo, na upendo wa Mungu, ambao humfanya mpendwa awe mzuri. Wanafunzi wetu hukariri tofauti hiyo kwa ajili ya mtihani. Kisha, mita mia mbili kutoka darasani, chuo kilekile kinampenda kijana kwa sababu ya mguu wake, na mguu ukivunjika upendo unakoma. Kama haya si kuhesabiwa haki kwa matendo, sijui tutayaitaje.

Nisieleweke vibaya. Mimi si miongoni mwa wale wanaodhani kwamba michezo ni upuuzi usiomfaa mtumishi wa Mungu. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho, watu walioishi karibu na Isthmia, mahali palipofanyika michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili, na hakuona haya kujifananisha na mkimbiaji na mpiganaji wa ngumi (1 Kor. 9:24-27). Mwandishi wa barua ya kwanza kwa Timotheo anakubali kwamba mazoezi ya mwili yana faida, ingawa anaipima faida hiyo (1 Tim. 4:8). Luther katika mazungumzo yake ya mezani aliisifu muziki kuwa dawa ya mawazo mazito, pamoja na michezo ya viungo kwa afya ya mwili. Zaburi ya 147 yatukumbusha kwamba Bwana havutwi na miguu ya mtu. Lakini haisemi kwamba miguu ni mibaya. Yasema tu kwamba si miguu inayomfanya Mungu atupende. Ndilo lilelile swali la kijana wa Zombo.

Wamisionari nao, tusisahau, walileta mpira pamoja na alfabeti. Shule ya Kiungani ya misioni ya UMCA kule Zanzibar ilikuwa kati ya mahali pa kwanza pa mchezo huo katika pwani yetu. Mara nyingi mpira ulitolewa kama mbadala wa ngoma: vijana wakatazwe kucheza usiku, wapewe mpira mchana. Huko Kilimanjaro alikuwako Bruno Gutmann wa misioni ya Leipzig, ambaye aliona mbali zaidi ya wenzake wengi kwamba vifungo vya ukoo, jirani na rika ni vipawa vya uumbaji na havifai kuvunjwa ovyo. Gutmann ana makosa yake, nayo yamekwisha kujadiliwa vya kutosha. Lakini nadhani angetambua mara moja kwamba timu ya kijiji ni rika, na kwamba kumtoa kijana katika rika lake, kumtumia, kisha kumrudisha akichechemea, ni dhambi dhidi ya jumuiya nzima.

Vyuo vyetu havikuanza hivi. Chuo cha Theolojia kilichoanzia Lwandai mwaka 1947 na kuhamia Makumira mwaka 1954 kilikuwa kwa miaka mingi chuo cha wachungaji tu. Watu waliojiandaa kwa usharika walicheza mpira wa wavu jioni kwa sababu walikuwa wamechoka na Kigiriki. Katika miaka ya 1990 Kanisa letu likaanzisha Chuo Kikuu cha Tumaini, na Makumira ikawa sehemu yake; wakaja wanafunzi wa sheria, wa ualimu, wa muziki, wa biashara. Ulikuwa uamuzi mzuri, nami nautetea. Lakini pamoja na wanafunzi wengi yalikuja mahitaji ya fedha, na pamoja na mahitaji ya fedha yalikuja mashindano ya kutafuta wanafunzi. Timu inayoshinda hutangaza jina la chuo bila malipo ya redio. Hapo ndipo mchezo unapoacha kuwa mapumziko na kuwa tangazo, na tangazo halina huruma kwa aliyeumia.

Si vyuo vya Kilutheri peke yake. Uganda Christian University ya Mukono, iliyotokana na chuo cha theolojia cha Askofu Tucker na kuwa chuo kikuu cha Kanisa la Uganda mwaka 1997, huwapa wanamichezo nafuu ya ada, na timu zake za mpira wa kikapu, za wanaume na za wanawake, zimeshindana kwa nguvu katika ligi ya taifa. Timu hizo huitwa Canons, kwa cheo cha makasisi wa kanisa kuu. (Sijui kama kuna kasisi wa kanisa kuu awezaye kuruka kiasi kile.) Siwalaumu ndugu zetu Waanglikana, wameichukulia michezo kwa uzito kuliko sisi, nasi hatujaweza kusema hata kwamba tumekosea, kwa kuwa hatujaamua lolote.

Lakini mfano unaonitisha ni wa ng'ambo, nao nataka kukaa kwao kidogo, kwa kuwa ni mara chache maaskofu wamelazimika kuandika taarifa juu ya mpira. Southern Methodist University ilianzishwa mjini Dallas, Texas, mwaka 1911 na Kanisa la Methodisti. Katika miaka ya 1980 timu yake ya mpira wa Kimarekani ilikuwa kati ya bora za nchi. Ilijulikana baadaye kwamba wachezaji walikuwa wakilipwa kwa siri kutoka mfuko wa mfadhili tajiri, kinyume cha sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Chuo kiliadhibiwa mwaka 1985, lakini malipo hayakukoma. Wachezaji 13 walipokea jumla ya takriban dola 61,000 kati ya mwaka 1985 na 1986. Tarehe 25 Februari 1987 NCAA ikafuta msimu mzima wa mwaka huo. Msimu wa 1988 chuo chenyewe hakikucheza. Mwezi Machi gavana wa Texas, Bill Clements, ambaye alikuwa mwenyekiti wa bodi ya magavana wa chuo, alikiri hadharani kwamba viongozi wa bodi walijua, na kwamba waliamua malipo yaendelee mpaka wachezaji waliokwisha kuahidiwa wamalize.

Nawaomba wasomaji watulie hapa. Viongozi wale walijitetea kwa neno "ahadi". Walikuwa wamewaahidi vijana, nao waliona vibaya kuvunja ahadi. Kwa hiyo walidanganya chama, walidanganya Kanisa, walidanganya walimu wao, ili wawe waaminifu kwa wachezaji. Kuna upotovu mkubwa katika utetezi huo, lakini kuna pia jambo linaloniaibisha. Matajiri wa Dallas katika uovu wao walimlipa mchezaji waliyemwahidi. Chuo cha kijana wa Zombo, bila uovu wowote, kwa utaratibu safi wa kihasibu, hakikumlipa.

Kamati ya maaskofu wa Kimethodisti ilichunguza jambo lile na kutoa taarifa mwezi Juni 1987, na uongozi wa chuo ukapangwa upya. Maaskofu walifanya vema. Hata hivyo, kosa lao, kwa maoni yangu, lilikuwa la zamani zaidi ya mwaka ule. Baadhi ya maaskofu walikuwa wajumbe wa bodi kwa miaka mingi. Walifungua vikao kwa sala, wakafunga kwa baraka, na katikati ya sala na baraka wenye fedha waliongoza chuo. Mchungaji aliyewahi kukaa katika bodi ya shule au hospitali yetu anaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Mambo hayakuishia pale. Mwaka 2019 wadhamini wa chuo hicho walibadili hati yake ili kukitenga na mamlaka ya Kanisa. Kanisa likaenda mahakamani, na mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Texas iliamua kwamba Kanisa lina haki ya kuendelea na shauri. Mwaka 2024 chuo kiliingia katika ligi kubwa zaidi kwa kukubali kutopokea mgawo wa fedha za televisheni kwa miaka tisa, wafadhili wakiahidi kuziba pengo. Na tangu mwezi Julai 2025, baada ya mapatano yaliyothibitishwa na mahakama, vyuo vya Marekani vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Kilichokuwa kashfa kwa dola 61,000 sasa ni bajeti. Sisemi kwamba malipo ya wazi ni mabaya kuliko malipo ya siri. La, ni afadhali. Nasema kwamba Kanisa lililoanzisha chuo hicho halimo tena katika mazungumzo hayo, isipokuwa mbele ya hakimu.

Kuna njia nyingine, nayo ni ya jamaa zetu wenyewe. Vyuo kama St. Olaf, Luther, Augsburg, Gustavus Adolphus na Wartburg, vilivyoanzishwa na Walutheri wa Marekani, hucheza katika Daraja la Tatu la NCAA, lililoundwa mwaka 1973, ambamo hakuna ufadhili wowote unaotolewa kwa sababu ya michezo. Mwanafunzi husaidiwa kwa mahitaji yake au kwa masomo yake. Akiumia goti, msaada wake haubadiliki, kwa kuwa haukutegemea goti. Na mtu asidhani kwamba hawachezi kwa bidii: Wartburg, chuo kidogo cha Iowa, kimekuwa bingwa wa mieleka wa daraja hilo mara nyingi. Wachungaji wetu kadhaa wametembelea vyuo hivi kwa njia ya ushirikiano wa dayosisi na sinodi. Wamerudi na picha za kanisa la chuo na kwaya ya chuo. Ningependa angalau mmoja arudi na utaratibu wa ufadhili.

Sitaki kuficha hoja iliyo kinyume changu, kwa sababu ina nguvu. Peter Rono alisoma shule ya St. Patrick's, Iten, shule ya Kikatoliki ambako Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alikuwa akifundisha tangu mwaka 1976. Kutoka hapo alikwenda Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Kikatoliki huko Maryland, na akiwa bado mwanafunzi wa chuo hicho alishinda mbio za mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 21. Mtanzania mwenzetu Suleiman Nyambui alipata medali ya fedha ya mita 5000 mjini Moscow mwaka 1980 akiwa mwanafunzi katika chuo cha serikali huko El Paso, Texas. Medali hiyo na ile ya Filbert Bayi katika michezo hiyohiyo ndizo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata. Mtu aweza kusema: bila ufadhili wa miguu, wana wa wakulima hawa wasingevuka bahari. Ni kweli. Tena Alphonce Simbu wa Singida, aliyeshinda marathoni ya dunia mjini Tokyo mwezi Septemba 2025, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo, ni askari wa jeshi letu. Kipaji cha mtoto wa maskini kikitafuta mlango, kimeukuta jeshini au ng'ambo. Katika vyuo vya Kanisa hakikuukuta.

Kwa hiyo sisemi tufute ufadhili. Mwili nao ni kipawa, na ni unafiki kumsaidia mwenye sauti ya kwaya huku tukimwonea haya mwenye kasi. Ninalolipinga ni sharti lililofichwa. Chuo kikimpokea kijana kwa kipaji chake, kimpokee mpaka amalize shahada, awe anacheza au hachezi. Na ahadi hiyo iandikwe, isomwe mbele ya mzazi, itiwe sahihi na mkuu wa chuo. Kama chuo hakina uwezo wa kuahidi hivyo kwa vijana kumi, kiahidi kwa wawili. Gharama ya matibabu ya aliyeumia akiwa amevaa jezi yenye msalaba ni ya mwenye msalaba kifuani, yaani chuo. Na mchungaji wa chuo, ambaye huitwa kuombea timu kabla ya mchezo, aitwe pia wakati daftari la ada linaporekebishwa.

Jambo la Jumapili nalipitia kwa haraka, ingawa linauma. Pale Usa River, Makumira ina jirani, Chuo Kikuu cha Arusha cha Waadventista wa Sabato. Huko Nandi nchini Kenya kipo chuo chao cha Baraton, katikati ya nchi ya wakimbiaji. Jua likizama Ijumaa, kwao viwanja hunyamaza mpaka jua lizame Jumamosi, na anayepanga ratiba ya mashindano anajua hivyo mapema. Sisi hatuna sheria ya sabato, na hilo ni sehemu ya uhuru wa Mkristo kama tunavyoufundisha. Lakini ratiba inapoweka mchezo saa tatu asubuhi ya Jumapili, hatulalamiki, wala hatuwaandalii wachezaji ibada ya Jumamosi jioni. Huo si uhuru, ni uzembe wa wachungaji, na mimi ni mmoja wao.

Niliporudi kutoka Zombo nilimwandikia mlezi wa wanafunzi wa chuo kile, nikieleza habari za kijana na kuuliza swali lake kama alivyoliuliza. Jibu lilitoka kwa mhasibu, likitaja jumla ya deni na namba ya akaunti. Usharika wangu umeanza kulichangia; chini ya nusu imebaki. Kijana ameniandikia kwamba anaomba kurudi mwaka ujao wa masomo, na kwamba katika fomu sehemu ya michezo ataiacha wazi.